Panya Aliyerudisha Gunzi

Nianze na ujinga wenyewe ili usije ukanisumbua katikati: nilikula urithi wa marehemu Hawe, nikautia chumvi, nikalamba na vidole. Kabla sijaulizwa nikasema ni panya. Hawe ni nyanya yangu mzaa mama. Sisi Wagiryama tunamwita Hawe. Nyanya tunaikatia kwenye mchuzi. Na urithi wenyewe ulikuwa mbegu za maboga. Haya, chekeni kabisa kisha tuendelee, maana huko mbele hakuchekeshi sana.

Jambo hili nilikuwa nimelifukia vizuri mpaka wiki jana, mwalimu wetu wa Kilimo alipochora ubaoni kichanja cha kuoteshea miche ndani ya nyumba, kile cha mtu asiye na kitu. Akachora miguu minne, na chini ya kila mguu kopo. Akauliza makopo yale ni ya nini. Kidato cha tatu kizima kikamtazama kama samaki waliolala juu ya barafu. Mimi nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kwamba ni ya kumzuia panya anayesoma darasa la tatu. Nikatolewa nje. Nimesimama pale kwenye baraza ya darasa, najifanya najuta, upepo ukaleta harufu ya oili chafu kutoka kwa fundi wa pikipiki ng'ambo ya ua. Mara nikawa na miaka tisa, niko jikoni kwetu Kibarani, hapa Kilifi, na tumbo langu limejaa mbegu.

Hawe alifia Ganze wakati wa ukame, kipindi ambacho hata mbuzi walikuwa wakitafuna maboksi. Mama alikwenda matangani akakaa siku nyingi, na aliporudi Kilifi alikuwa amebeba vitu viwili: leso ya Hawe, na kibuyu kidogo kilichokuwa cheusi kwa moshi, kimezibwa mdomo kwa gunzi la mahindi. Kibuyu hicho kilining'inia juu ya meko ya Hawe tangu mama akiwa mtoto. Ndani mlikuwa na mbegu za boga lake, boga la ganda gumu lenye mistari, ambalo Mjomba, kaka yake mama, anasema ndilo lililowalea ile miaka mahindi yalipokataa. Hawe alikuwa anakula boga, anabakiza mbegu, anapanda, anakula, anabakiza. Mwaka ule alikufa kabla ya kupanda. Shambani hakukuwa na boga jingine, jua na mbuzi walikuwa wameshagawana. Kwa hiyo ukiwatoa watu, yote yaliyobaki ya Hawe juu ya ardhi yalikuwa ndani ya kile kibuyu.

Nimesema ukiwatoa watu kwa sababu alikuwepo Mbeyu. Mbeyu ni dada yangu, wakati ule ndiyo kwanza anaanza kutembea, anaanguka kila hatua ya tatu. Kwetu mtoto hurithishwa jina la mkubwa wake, na yeye alirithi la Hawe. Basi mama hakumwita mwanangu. Alimwita mayo, yaani mama, kwa Kigiryama. Njoo mayo. Kula mayo. Mtoto mwenyewe makamasi mpaka kidevuni, lakini ndiye mama yake mama. Mimi nilizaliwa mjini nikakulia mjini. Kigiryama nilikijua kwa vipande: matusi yote, nusu ya salamu, na majina ya vyakula. Likumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Mama aliyerudi kutoka Ganze hakuwa yule aliyeondoka. Mama yangu ni mtu wa mdomo. Alikuwa na uwezo wa kukugombeza kuanzia bombani mpaka mlangoni bila kupumua, na ukifika anakupa chai. Sasa alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia. Anamimina chai, anaisahau, inaota utando. Nilivunja kikombe makusudi nione kama atanifokea. Akaokota vipande, akavitupa, akarudi kukaa. Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa fimbo.

Baba naye alikuja kuzika, akarudi kazini. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni, na kila akija nyumbani alituletea chumvi ya mawe, mifuko kwa mifuko, utafikiri tunaifuga. Sisi tungeweza kukosa sukari, unga, hata maji. Chumvi, hapana.

Siku ya tukio mama alikuwa kwenye foleni bombani na Mbeyu mgongoni. Nyumba niliachiwa mimi. Mtu mwenye akili zake haniachii nyumba hata leo. Nilipanda juu ya ndoo, nikakishusha kibuyu, nikalichomoa gunzi, nikanusa. Kulikuwa na moshi, na vumbi, na kwa mbali kitu kitamu, kama kifua cha Hawe aliponikumbatia. Hapo ndipo ningeacha kama ningekuwa mtu. Sikuwa na njaa, hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, tulikuwa tumeshakula. Nilitaka tu kujua zinakaangikaje. Nikazimimina kikaangoni, zikaanza kuruka na kupasuka, nikazipiga konzi nzima ya chumvi ya baba kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunishika mkono. Zilitoka chungu kwa chumvi. Nilikula mpaka midomo ikafa ganzi. Zilizonishinda nikazifunga kwenye karatasi niliyoichana daftari la hesabu, nikazificha chini ya godoro langu. Kibuyuni nilibakiza chache, kwa heshima. Kisha nikalirudisha gunzi mahali pake, nikalikaza barabara, nikakitundika kibuyu, nikaosha kikaango. Nilijiona fundi.

Kesho yake mama akakishusha, akakitikisa. Mbegu nyingi zina sauti ya mvua. Mbegu chache zina sauti ya mtu anayebisha hodi. Akazimimina juu ya leso ya Hawe. Zilikuwa tisa.

"Panya," nilisema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Bi Zena alikuwa mlangoni. Huyu alikuwa jirani yetu, mshona nguo, asili yake visiwa vya kaskazini, na Kiswahili chake daima kilikuwa kimepigwa pasi. Alikichukua kibuyu akakigeuza huku na huku, akalitazama gunzi, akalichomoa, akalirudisha.

"Panya huyu ana adabu zake," alisema. "Kafungua, kala, kafunga. Wangu mimi hata mlango hawaurudishi."

Mama hakucheka. Alizifunga zile tisa kwenye ncha ya leso, akakaa chini na kuikumbatia ncha ile kwa mikono miwili. Nilikwenda kuchungulia chini ya godoro langu, nikakuta karatasi ya hesabu haipo. Nikaelewa kwamba kumbe panya tunao kweli, nikamshukuru Mungu, maana sasa nilikuwa nimedanganya nusu tu.

Alasiri hiyo mama alimpigia Mjomba simu. Alisema naye Kigiryama cha mbio, kile cha ndugu kwa ndugu, nami nimejibanza nyuma ya pazia naokota vipande. Nilidaka maneno matatu. Mbeyu. Kufwa, ambalo ni kufa. Hilo nililijua kupitia matusi. Na mayo. Akawa anarudia: mbeyu, kufwa, mayo. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti. Mjomba alisema kitu kirefu upande wa pili, mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba simu inaona.

Kichwa cha miaka tisa kikapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya shule nilikuwa na uhakika na jibu. Nimekula mbegu za Hawe. Hawe amejua, wafu hujua, watu wazima husema hivyo matangani. Yuko peke yake huko chini, ameibiwa chakula chake, na sasa anamtaka mwenye jina lake. Mbeyu atakufa. Mama ameshaambiwa. Na mwenye kosa ni nani, hakuna aliyeambiwa.

Nilimtazama dada yangu amekaa sakafuni anatafuna ndala ya baba. Nikamnyang'anya. Akalia. Nikamrudishia.

Siku iliyofuata mama aliamka na kazi. Alisema tunajenga kichanja. Mbegu tisa hazitupwi shambani zikapambane, alisema, zinalelewa ndani kwanza, ili mvua ya mwaka ikifika izikute tayari zina majani. Nje kuna kuku wa huyu, mbuzi wa yule, na jua la kukaanga.

"Na panya," akaongeza, akinitazama.

Kwa hiyo mimi, panya, nikawa fundi msaidizi wa ngome ya kujizuia mwenyewe. Tulipata nguzo mbili za mvinje zilizobaki kwenye paa la watu, mama akazikata zikatoa miguu minne. Mimi nilipewa misumari yenye kutu niinyooshe kwa jiwe juu ya ngazi ya mlango, nikajigonga kidole, na sikulia, kwa sababu niliona ni haki yangu. Kabla ya kukata ule mguu wa kwanza mama aliuliza ufike wapi.

"Panya wetu anaruka kiasi gani?"

"Kama mimi," nilisema. Nilitaka kusema kidogo tu. Likatoka hilo.

"Basi tuinue zaidi."

Ukafika kifuani kwangu. Juu tulipanga fito, tukazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli tukivivuta mpaka vinalia, na juu ya fito tukalaza kipande cha bati ambacho nilikitoboa kwa msumari ili maji yapite. Kila mguu ukasimamishwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye maji na oili chafu juu yake, kwa ajili ya siafu na huyo mnyama mwingine. Kichanja kikawekwa kwenye dirisha la mashariki. Upande wa pili, ukutani, mama alibandika boksi, na juu ya boksi pakiti za krispi zilizopasuliwa, ule upande wa ndani unaong'aa, ili jua likiingia lirudishwe. Kazi ya kuzimaliza zile krispi nilipewa mimi.

Bi Zena alitoa chandarua chake kikuukuu. Tulipokitandaza juu ya kichanja alisimama akakitazama na mikono kiunoni.

"Chandarua, kioo, walinzi wanne miguuni," alisema. "Kuna mwana wa sultani gani atakayelala humu?"

"Mama," alisema mama. Ni neno moja tu, na Bi Zena akaacha utani wake hapo hapo, akaanza kumsaidia kukunja pembe.

Vyungu vilikuwa vifuu vya nazi. Nazi ina macho matatu, mawili magumu, moja laini. Ukilitoboa lile laini kwa msumari, maji ya ziada yana pa kutokea. Sikujua hilo mpaka siku ile, na nilikuwa nimekula nazi maisha yangu yote. Mama alichanganya udongo wa chini ya mwarobaini na mchanga na samadi ya mbuzi iliyokauka, akauchekecha kwa chekecheke bovu la unga, akaumwagia maji ya moto, akauacha upoe. Kisha akachukua mbegu moja moja kutoka ncha ya leso na kuisukuma kwa kidole, ncha yake ikiangalia chini, kina cha ukucha. Kila moja aliiambia kitu kwa Kigiryama. Nilitega sikio. Mbeyu, nikasikia. Mbeyu. Mara tisa.

Nikabaki pale. Wenzangu walikuwa uwanjani wanacheza mpira, nalisikia kila goli na kila ugomvi wa goli, na mimi nimekaa mbele ya vifuu tisa vya udongo kama mlinzi wa benki. Mandazi yangu ya asubuhi nilimpa Mbeyu. Akianguka, nilikuwa nimeshafika. Akikohoa, nakwenda kuchungulia vifuu. Nikiona vifuu vimekauka juu, narudi kumgusa yeye shingo. Mama alinishika kipaji akasema labda nina homa. Mchekeshaji wa darasa la tatu alikuwa hajatoa kichekesho siku nne, na mwalimu alimtuma mtu nyumbani kuuliza.

Siku ya tano hakuna kilichotoka. Sikuweza kuvumilia. Niliinua chandarua, nikachokora kifuu cha pembeni, nikaikuta mbegu imepasuka mdomo na ndani kuna jino jeupe. Ilikuwa hai. Nilifurahi mno. Nikaona niisaidie. Nikalivuta lile jino kidogo, kama unavyomsaidia mtu kutoka kwenye fulana inayombana, likakatika.

Nikaifukia upya. Nikaupigapiga udongo. Nikarudisha chandarua. Zilibaki nane, na nilikuwa peke yangu duniani ninayejua.

Siku ya pili yake Mbeyu aliamka na homa.

Nyinyi mtasema ni malaria, sisi ni watu wa pwani, homa ni kama mgeni wa kila mwaka. Lakini kwangu hesabu ilikuwa imekamilika. Jino limekatika, mtoto ameshikwa. Sikujua kitu cha kufanya zaidi ya maji. Mbegu zinataka maji, kila mtu anajua. Nilikuwa na chupa iliyotobolewa kifuniko, nikawa namwagilia kila nikipita, na nilikuwa napita kwenda na kurudi kutwa. Nilimwagilia maji yangu ya kunywa. Nilimwagilia ya kuoga, na hayo sikuyaonea uchungu. Mbeyu alilala kwenye mkeka pale chini ya kichanja, macho nusu, pumzi fupi fupi, na maji ya vifuu yanadondoka kupitia kwenye bati, tiki, tiki, sakafuni karibu na kichwa chake. Mama alisogeza mkeka, akaweka beseni. Hakuuliza maji yanatoka wapi. Alikuwa hamwangalii mtu mwingine ila yeye.

Mchana jua likiwa utosini akamfunga mgongoni, tukaenda zahanati. Mimi nilibeba mfuko wa nguo. Njia nzima kichwa cha Mbeyu kilikuwa kinacheza upande huu na upande huu, kama kichwa cha mtu aliyekataa jambo. Alipotobolewa kidole hakulia. Mtoto aliyekuwa akililia ndala hakulia sindano. Tukakaa kwenye benchi kungoja majibu, katikati ya kina mama wengine, na mimi nikaona sasa ndiyo sasa.

"Mama," nilisema, "Mbeyu asife."

"Nani amesema anakufa?"

"Wewe. Ulimwambia Mjomba kwenye simu. Mbeyu, kufwa, mayo."

Mama alinitazama. Niliona anarudi nyuma kichwani mwake, anaitafuta ile simu, anaipata. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga, na kicheko chenyewe kiligeuka njiani kikawa kilio, kikageuka tena, mpaka kina mama wa pembeni wakajisogeza kutupa nafasi.

"Mbeyu ni mbegu," alisema, akijifuta kwa upande wa leso. "Mbegu kwa Kigiryama ni mbeyu. Nilimwambia mjomba wako mbegu za mama zikifa, mama naye ndiyo amekwisha. Mbegu za kibuyu, baba. Si huyu. Huyu ana malaria."

Muda wote huo nilikuwa nikimwita dada yangu Mbegu na sijui. Hawe naye aliitwa Mbegu. Nilidhani ni jina tu, la kuitia mtu chakula.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kukiri. Benchi lilikuwa lile lile, mama alikuwa amelainika, mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikasema, "Mama, wale panya..."

"Panya tutawaangalia baadaye," alisema. Muuguzi akaita jina la Mbeyu, wakaingia.

Nami nikaufunga mdomo. Nisiwadanganye kwamba nilinyimwa nafasi. Nilikuwa nimetoka tu kufunguliwa kamba shingoni, dada yangu hafi kwa ajili yangu, na nikaona hilo lingine dogo panya anaweza kuendelea kunibebea. Lakini halikuwa dogo. Lile neno la mama lilikuja nyuma yangu mpaka nyumbani: mbegu za mama zikifa, mama naye amekwisha. Mbeyu nilikuwa simuui. Hawe nilikuwa namwua, na nilikuwa nimemfikisha mbali.

Homa ilishuka baada ya siku tatu. Alipopata nguvu alianza kwa kuniuma mkono, mama akasema amepona. Kisha mama akakumbuka kichanja. Aliinua chandarua, akaingiza kidole kwenye kifuu cha kwanza, kikazama.

"Nani alikuwa anamwagilia?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila nikipita."

"Na unapita mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Alivishusha vifuu kimoja kimoja, akavipindua juu ya gazeti. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichosahauliwa kwenye sufuria. Sita zilikuwa zimelainika zikawa ute. Ile yangu ya jino ilikuwa nyeusi. Aliitazama, akaiweka kando. Mbili tu zilikuwa bado ngumu. Alizifuta kwa leso ya Hawe, akazipatia vifuu vikavu na udongo mpya, akaninyang'anya chupa.

"Wewe utakuwa unaangalia tu," alisema. "Mikono nyuma."

Basi kila asubuhi kabla ya shule na kila nikirudi nilisimama mbele ya kichanja, mikono nimeifunga mgongoni kama mtu aliyeitwa ofisini. Mbegu mbili. Nje mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa bahari, na Mjomba alipiga simu kuuliza, mama akamjibu neno moja na kukata. Alianza tena kufagia palipofagiliwa. Nilisimama na mikono yangu nyuma, na kwa siku zile niliwahi kuongea na udongo. Sitawaambia nilichosema. Nilikuwa mtoto.

Moja haikutoka kamwe. Ya pili ilitoka siku ya ibada, tulipokuwa tumevaa tayari: shingo nyeupe imejikunja, inavuta kichwa kutoka ardhini, na kichwani bado imevaa ganda la mbegu kama kofia. Mkono wangu wa kulia ulitaka kwenda kuivua ile kofia. Niliushika kwa wa kushoto. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, na nikasikia anashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akamwita Mbeyu, akamnyanyua.

"Mayo," alimwambia, "mwone mwenzio."

Mvua ya mwaka ilipokuja tuliuhamishia mche nje, karibu na choo, tukauzungushia miiba. Ukaona hautosheki na ardhi, ukapanda ukuta, ukalitwaa paa la choo lote. Maboga matatu yalikaa huko juu, na mtu yeyote aliyekuwa na shida zake ilibidi kwanza ayapigie saluti. Bi Zena alidai anaonea haya kuchungulia kwetu, maana siku hizi tuna askari. Mama alimjibu, na majibizano yao yakaenda mpaka bombani na kurudi. Niliyasikiliza yote nikiwa nimelala kwenye mkeka, sikutaka yaishe.

Mawili tuliyapika yangali machanga. La tatu mama aliliacha mpaka kikonyo kikakauka na ganda likakataa ukucha. Alilipasulia juu ya kichanja, ambacho sasa kilikuwa cha vyombo, ingawa makopo yalikuwa bado miguuni. Akakomba mbegu, akaziosha, akazianika juu ya leso ya Hawe siku kadhaa, na hakuna aliyezigusa. Nilizipita mikono nyuma bila kuambiwa.

Zilipokauka akaniita jikoni. Alizigawa mafungu matatu. La kwanza alilitia ndani ya kibuyu, akakiziba kwa gunzi, akanipa nikitundike mwenyewe. La pili lilikuwa la Mjomba, lipelekwe Ganze. Akafungua mkoba wake, akatafuta kitu cha kulifungia, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya goti.

Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu. Ilikuwa na doa la mafuta katikati, na chembe za chumvi ya mawe zimeng'ang'ania kwenye mikunjo. Juu yake kulikuwa na hesabu zangu za kugawanya, kwa mwandiko wangu, zote nimekosa.

Alizifunga mbegu za Mjomba ndani yake polepole, pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa nimesimama kama mti wa mnazi uliopigwa radi, sina kichwa, nimebaki shina. Fungu la tatu alilimimina kikaangoni. Akawasha jiko. Akanipa mwiko, na kifuko cha chumvi ya baba akakisogeza karibu na mkono wangu. Mbegu zikaanza kuruka. Mama akampachika Mbeyu kiunoni, akageuka kwenda mlangoni, na bila kunitazama akasema:

"Chumvi tia kidogo. Ile siku panya alizidisha."